OS/360, Multics, VM/370 au GEORGE 3: Uanze na Meinfremu Ipi ya Zamani?

Ukiuliza mtandaoni uanze na mfumo endeshi upi kama unataka kuijua historia ya meinfremu, zile kompyuta kubwa za taasisi, kwa kuigusa, si kwa kusoma tu, utapata majibu manne kutoka kwa watu wanne. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyepata ajira yake ya kwanza kwa kuandika JCL, lugha ya kuiagiza kazi meinfremu ya IBM, atakwambia nje ya IBM hakuna elimu. Mpenzi wa Unix atakusukuma kwenye Multics. Mwenye kazi ya seva na mashine pepe atasema VM, na Mwingereza aliyestaafu atakuuliza kama umewahi kusikia habari za GEORGE.

Zamani swali hili lingekuwa la porojo tu, kwa sababu mashine zenyewe zilijaza chumba kizima. Leo mifumo yote minne inawaka kwenye laptopu ya kawaida kupitia emuleta, yaani programu inayojifanya kuwa mashine ile ya zamani, amri kwa amri. Yote ni bure. Kinachobaki kuwa ghali ni muda wako: kila mfumo una miongozo yake minene na tabia zake, na ukitaka kuonja yote wikiendi moja, utaambulia skrini nne zinazokudai neno la siri.

Kuna wakubwa niliowaacha nje. Atlas ya Manchester ilionyesha mwaka 1962 kwamba programu inaweza kuiona kumbukumbu ndogo ya ndani na ngoma ya sumaku ya nje kama ghala moja. Kuiacha MCP ya Burroughs kunaniuma zaidi, maana uliandikwa kwa ESPOL, lugha ya ukoo wa ALGOL, wakati karibu kila mtu mwingine akiandika mfumo endeshi kwa asembla, lugha iliyo karibu kabisa na amri za mashine yenyewe. Lakini wanaoniuliza hukwama kati ya hii minne.

Vigezo

Nitaipima yote kwa mambo manne: ulizaliwa kutatua nini, ukikaa mbele yake unafanya nini hasa, umeacha alama gani kwenye kompyuta za leo, na kuupata na kuuwasha kuna ugumu gani. Kasi sikuiweka. Laptopu yako inaizidi mbali mashine yoyote kati ya hizi, hata ikibeba emuleta mgongoni.

Chini ya vigezo hivyo kuna ugomvi mmoja wa tangu mwanzo: nani amsubiri nani, mtu au mashine? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtu alipangiwa saa yake, akaingia na kadi zake za matundu, akafunga tepu, akabonyeza swichi. Na dakika zote alizokuwa akikuna kichwa, mashine ya fedha nyingi ilikaa bure. Mwaka 1956 watu wa General Motors na North American Aviation waliiandikia IBM 704 programu ya kupanga kazi zifuatane bila mtu kuingilia kati. Ndiyo GM-NAA I/O, ambayo wengi huihesabu kuwa mfumo endeshi wa kwanza. Mashine ikaacha kusubiri, mtu ndiye akaanza kusubiri: unaacha kadi dirishani, unarudi kesho, unaambiwa umesahau mkato kwenye mstari wa tatu. Novemba 1961, pale MIT, Fernando Corbató na wenzake wakaonyesha CTSS, mfumo uliokata muda wa mashine moja vipande vidogo na kuwagawia watu kadhaa kwenye terminali (vituo vya kuchapia vilivyounganishwa na mashine), kila mmoja akijiona yuko peke yake. Mifumo yetu minne ni majibu manne kwa ugomvi huo.

Ulizaliwa kutatua nini

*OS/360.* Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360: mashine za ukubwa mbalimbali, zote zikielewa amri zilezile, ili mteja anayekua asilazimike kutupa programu zake. Mashine za awali za kampuni hiyohiyo zilikuwa hazielewani, kwa hiyo hii ilikuwa bahati nasibu ya kampuni nzima. Mfumo endeshi nao ulitakiwa kuwa mmoja kwa wote. Haikuwezekana. Fred Brooks, aliyeusimamia, alifika mahali ana watu zaidi ya elfu moja kazini, na bado ulichelewa. Mashine ndogo zikapewa DOS/360 ya kuzibia pengo, na kizibo hicho kikaishi miongo. OS/360 yenyewe ilitoka kwa sura tatu: PCP iliyoendesha kazi moja kwa wakati, MFT yenye idadi maalumu ya kazi, na MVT iliyogawa kumbukumbu kadiri kazi zilivyokuja. Kwenye ugomvi wetu, OS/360 iko upande wa mashine bila aibu.

*Multics.* MIT, General Electric na Bell Labs walianza kuupanga mwaka 1964 na 1965 kwa shabaha kubwa: kompyuta iwe huduma kama umeme na simu, unachomeka, unatumia, unalipia ulichotumia, usiku na mchana. Ukiahidi hivyo, mambo mawili yanakubana. Mfumo hauruhusiwi kuzimwa ovyo, na ndani yake wataishi watu wasioaminiana. Hilo la pili MIT walishalionja. Kwenye CTSS, siku moja katikati ya miaka ya 1960, kila aliyeingia alichapiwa orodha nzima ya maneno ya siri ya watumiaji mahali pa ujumbe wa siku. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili tofauti kwa wakati mmoja, na programu ya kuhariria ilitumia jina moja tu la faili la muda, basi yakabadilishana. Multics uliundwa na watu waliokuwa na kumbukumbu za aina hiyo. Kazi ilivuta sana. Bell Labs walijitoa mwaka 1969, na mwaka huohuo, Oktoba, mfumo ukafunguliwa kwa watumiaji wa MIT.

*VM/370.* MIT walipoichagua General Electric, IBM ilipoteza zabuni iliyoitaka sana. Ofisi yake ndogo ya utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, ambako Robert Creasy aliongoza kazi, ikaja na wazo la pembeni: badala ya kuwagawia watu mashine moja, mpe kila mtu nakala ya mashine nzima, yenye kumbukumbu yake, kisoma kadi chake na printa yake, vyote vya kubuni. CP-40 ilikuwa ikifanya kazi Januari 1967, ikafuatwa na CP-67. Rasmi, IBM ilikuwa imeweka matumaini yake kwa TSS/360, ambao haukufika mbali. Mtoto wa pembeni ndiye aliyekua, akatangazwa kama VM/370 Agosti 1972.

*GEORGE 3.* Miezi michache baada ya System/360, kampuni ya Uingereza ICT ilitangaza familia yake ya 1900, yenye neno la biti 24 na asili yake kwenye mashine ya Kanada, FP6000. ICT iliungana na wengine mwaka 1968 ikawa ICL. GEORGE 3, uliopewa jina la George Felton, ulikusudiwa kumpunguzia kazi mwendeshaji wa chumba cha mashine: mfumo wenyewe ujue kazi ipi ianze na tepu ipi ifungwe. Kwetu jina la ICT si geni. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilianza na mashine ya kampuni hiyo mwaka 1965, na hesabu za serikali zilipokorogeka baadaye, mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini.

Ukikaa mbele yake

Hapa ndipo tofauti inapoonekana, na ndipo watu wengi hupenda au huchukia.

Kwenye ukoo wa OS/360 huongei na mashine; unaiachia barua. Ni kama kumpelekea fundi cherehani kitambaa: unaandika vipimo vyote mwanzoni, unaondoka, na ukikosea kimoja utajua siku ya kuchukua nguo. Barua hiyo ni JCL, nayo inafanana hivi:

//KAZI01 JOB (001),'HESABU',CLASS=A
//HATUA1 EXEC PGM=IEFBR14
//FAILI DD DSN=HERC01.JARIBIO,DISP=(NEW,CATLG),
// UNIT=SYSDA,SPACE=(TRK,(5,5))

JOB inasema kazi ni ya nani, EXEC inataja programu ya kuendesha, DD inaeleza kila faili: jina, liko kwenye kifaa gani, lichukue nafasi kiasi gani, lifanywe nini mwishoni. Sasa itazame IEFBR14. Ni programu maarufu kuliko zote katika ulimwengu huu, na haifanyi chochote. Iliitwa tu ili kuwe na programu ya kutaja, kwa kuwa anayetengeneza au kufuta faili ni mistari ya DD yenyewe, si programu. Mwanzoni ilikuwa amri moja: rudi ulikotoka. Hata hiyo ilikuwa na kosa. Rejista namba 15 hubeba ripoti ya kufaulu au kushindwa, na kwa kuwa hakuna aliyeifuta, programu isiyofanya kitu ilikuwa ikiripoti kwamba imeshindwa. Ikabidi iongezwe amri ya pili ya kuweka sifuri. Ukiielewa hadithi hii moja umeielewa nusu ya falsafa ya OS/360: faili ni la mfumo, programu ni mgeni.

Multics ni kinyume chake. Uko kwenye terminali, unaandika amri, inajibu, na kila jibu linafungwa na mstari mfupi unaoanza na herufi r: saa ya sasa, sekunde za kichakataji ulizokula, idadi ya kurasa zilizoletwa kwenye kumbukumbu. Bili yako iko mbele ya macho muda wote. Mafaili hayafunguliwi wala kufungwa kama tulivyozoea. Kila faili ni kipande cha kumbukumbu ambacho programu inakigusa moja kwa moja kwa anwani. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: endesha programu inayoita kijiprogramu ambacho hujakiandika bado. Haifi. Mfumo unakwambia hicho kitu haukioni, unabaki umeisimamisha pale ilipofika, wewe unakiandika, unakikompaili, unaandika start, na kazi inaendelea kana kwamba kilikuwepo tangu asubuhi. Mifumo mingi ya leo haiwezi.

VM inakukaribisha kwa kukukabidhi mashine iliyozimwa. Lazima uiwashe mwenyewe: IPL CMS, na CMS, mfumo mdogo wa mtu mmoja, unaamka ndani ya mashine yako ya kubuni. Ukitaka kumtumia jirani faili, unaelekeza kitoboa kadi chako kwake, unatoboa, na kadi zisizokuwepo zinaangukia kwenye kisoma kadi chake kisichokuwepo. Yeye anaziokota kwa amri ya READCARD. Inachekesha siku ya kwanza. Kufikia siku ya tatu unaona akili yake: vifaa vyote vinaongea lugha moja, kwa hiyo ndani ya mashine hiyo unaweza kuwasha OS/360 nzima, au hata VM nyingine, na humo ndani hakuna anayejua kwamba anadanganywa.

GEORGE 3 una sifa ambayo wenzake wa IBM wangeitamani: lugha ya amri ni ileile, uwe umetuma kazi ya kadi au umekaa kwenye terminali. Unachojifunza upande mmoja kinakufaa upande wa pili. Ghala lake la mafaili nalo lina busara. Faili lisiloguswa muda mrefu huhamishiwa kwenye tepu kimyakimya, na ukiliita linarudishwa diskini. Zaidi ya hapo ni mfumo mkavu, wa kikazi, wenye herufi kubwa tupu.

Umeacha nini

OS/360 haujafa. Ulipata kumbukumbu pepe (lile wazo la Atlas la ghala moja), ukawa MVS mwaka 1974, na kwa mabadiliko ya majina ukafika z/OS ya leo, inayobeba hesabu za benki kubwa duniani. JCL niliyoiandika hapo juu, mtu wa z/OS ataisoma bila kukunja uso. VM nayo ipo, kwa jina la z/VM, na wazo lake limetapakaa kupita jina lake: kila unapokodi seva kwenye wingu unapewa kilichobuniwa Cambridge.

Multics wenyewe ulizimwa. Ulifungwa kwenye vituo takriban 80 tu, na cha mwisho, cha jeshi la Kanada mjini Halifax, kilizimwa tarehe 30 Oktoba 2000. Lakini folda ndani ya folda, pete za ulinzi zinazotenganisha kiini cha mfumo na programu za kawaida, na wazo la mfumo endeshi kuandikwa kwa lugha ya juu (kwao PL/I) vilisafiri. Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoka kwenye mradi huo, wakaanza Unix wakiwa na hamu ya starehe zake bila uzito wake. Kwa upande wa usalama, mwaka 1985 serikali ya Marekani iliupa daraja la B2, jambo kubwa kwa mfumo wa kazini.

GEORGE 3 uliacha kidogo kuliko wote, kusema kweli. ICL ilihamia kwenye familia ya 2900 na mfumo mpya, VME. Wateja wengi hawakutaka kuachana na GEORGE, hadi kampuni ikalazimika kuwawekea njia ya kuuendesha ndani ya mashine mpya.

Kuupata na kuuwasha

Kwa upande wa IBM mlango ni Hercules, emuleta aliyoianzisha Roger Bowler mwaka 1999. Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza programu peke yake, lakini mifumo ya msingi iliendelea kutolewa bila malipo kwa miaka mingine, ndiyo maana MVS 3.8 na VM/370 Release 6 zinatumika leo bila kumwibia mtu. Usijaribu hivyo kwa z/OS. Ile ina leseni. MVS hupatikana ikiwa tayari imepangwa, kwenye kifurushi kiitwacho TK4-: unafungua, unaunganisha programu ya kuigiza 3270, terminali ya IBM ya zama zile, unaingia kama HERC01. VM/370 ina toleo la jumuiya lililopigwa msasa vizuri, na kwa mwanzilishi ndiyo nyepesi kuliko zote nne.

Msimbo wa Multics ulitolewa na kampuni ya Bull mwaka 2007, na unawaka juu ya emuleta ya DPS8M. Kuuwasha si kazi. Kazi ni kuuzoea, kwa kuwa njia za mafaili zinaandikwa kwa alama ya > na miongozo inadhani wewe ni mtu wa zama zile. GEORGE 3 unakaa hata kwenye Raspberry Pi, ila wa kumuuliza ukikwama ni wachache, wengi wao wazee waliowahi kuutumia kazini. Ni wakarimu, lakini jibu halitoki dakika hiyohiyo.

Unamfaa nani

Kama unaitazama kazi ya benki au taasisi yenye meinfremu ya IBM, anza na MVS 3.8 na uvumilie ukavu wake. Andika JCL kwa mkono, ikukatae, usome kwa nini imekukataa. Kisha uende kwenye mafunzo ya bure ya IBM Z Xplore, ambako utaigusa z/OS halisi kihalali.

Kama kazi yako ni seva, kontena na wingu, VM/370 itakulipa haraka zaidi. Jaribu kuwasha VM ndani ya VM, halafu uvifuatilie vifaa vya kubuni vinavyopitishwa kutoka tabaka moja hadi lingine.

Mwanafunzi wa chuo anayesoma somo la mifumo endeshi, au yeyote anayejali usalama, aende Multics, na asome msimbo wake huku mfumo unawaka. Asitegemee kumaliza kwa muhula mmoja.

GEORGE 3 ni wa anayetaka kuona njia ambayo haikuwa ya Marekani, na wa mtafiti wa historia ya kompyuta katika nchi zilizonunua mashine za Uingereza, za kwetu zikiwemo. Ukitafuta ujuzi wa kuuza sokoni, uache.

Na kama huna sababu yoyote kati ya hizi, una udadisi tu na jioni mbili, pakua VM/370, umtumie rafiki kadi zisizokuwepo, halafu ujaribu kuwasha MVS ndani yake. Kwa njia hiyo utakuwa umeonja mifumo miwili kwa usakinishaji mmoja.